Mkopo wa chuo Marekani na mshahara wa wahitimu: nani hasa anapimwa?

Tangu Rais Donald Trump atie saini sheria kubwa ya kodi na matumizi ya serikali tarehe 4 Julai 2025, ambayo ndani yake kuna kipimo kipya cha kozi za vyuo kwa kipato cha wahitimu wake, maneno kuhusu mikopo ya vyuo Marekani yamekuwa mengi kuliko maelezo. Kuna wanaosema serikali sasa itafuatilia mshahara wa kila mhitimu, na anayelipwa kidogo atanyimwa msaada. Kuna wanaosema ualimu na sanaa zimefutiwa mkopo. Na wapo wanaoamini kwamba kozi yao ikishindwa mtihani huo mpya, deni lao litafutwa. Hao wa mwisho ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana mtu mwenye imani hiyo anaweza kukaa miezi bila kulipa huku riba ikipanda.

Kila kauli hapo imeokota kipande cha ukweli ikakivisha nguo isiyo yake. Jambo la kushika tangu sasa ni hili: mwanafunzi hapimwi. Inayopimwa ni kozi, tena kwa kuangalia waliokwisha kuimaliza miaka kadhaa nyuma.

Tuanze na msaada wenyewe. Marekani ina majimbo 50 yenye serikali zake, na juu yake serikali ya shirikisho iliyoko Washington. Fedha tunazozizungumzia zinatoka Washington, chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965. Kwa mjadala huu zinatosha aina mbili. Ya kwanza ni ruzuku, isiyorudishwa. Mashuhuri zaidi ni ile ya Pell kwa wanafunzi wasio na uwezo, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Ya pili ni mkopo, unaorudishwa pamoja na riba. Zote mbili zinaombwa kwa fomu moja, FAFSA, ndiyo maana watu wengi huzichanganya na kusema tu "hela ya FAFSA".

Fedha hizo hazitumiki kila mahali. Chuo lazima kiwe na ithibati, na kozi yenyewe iwe imekubaliwa kupokea msaada. Hapo ndipo ilipo nguvu ya Washington: haina mamlaka ya kukifunga chuo, lakini ina mamlaka ya kukaza kamba ya mfuko wake. Kwa vyuo vya kibiashara, yaani vile vyenye wamiliki wanaotafuta faida, kukazwa huko ni karibu sawa na kufungwa. Sheria inaviruhusu kupata hadi asilimia 90 ya mapato yao kutoka fedha za serikali ya shirikisho. Toa 90 katika 100 uone kinachobaki.

Kuna pia kipato cha kati, neno litakalorudi mara kwa mara. Wapange wahitimu wa kozi kwenye mstari, kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa. Aliyesimama katikati kabisa ndiye anayetoa namba. Huo si wastani. Mhitimu mmoja akitajirika ghafla, namba haitikisiki, na mmoja akikaa nyumbani kulea mtoto, haitikisiki pia. Na wanaopangwa kwenye mstari huo ni wale tu waliopokea msaada wa serikali walipokuwa wakisoma.

Maswali mawili yanayofanana

Mchukue kijana wa Morogoro aliyekuwa akibeba mizigo sokoni, kisha akachukua bodaboda ya mkataba. Baada ya muda unaweza kumuuliza maswali mawili. La kwanza: katika unachoingiza, hesabu ya tajiri, yaani fedha unayompelekea mwenye pikipiki, inakula kiasi gani? La pili: hesabu ya tajiri tuiweke kando, je, unaingiza zaidi ya wale uliowaacha sokoni? Anaweza kuwazidi wenzake wa sokoni na bado hesabu ikammaliza. Anaweza pia kuwa na hesabu ndogo isiyomsumbua, lakini akawa anaingiza pungufu ya alichokuwa akipata akibeba magunia.

Swali la kwanza ndilo kipimo cha deni kwa kipato. La pili ndilo kipimo cha kipato peke yake. Ubishi wote wa Marekani tangu 2011 ni juu ya lipi liulizwe, na wapi.

Mzizi wa jambo uko katika sheria ya mikopo ya miaka ya 1960. Kozi za ufundi, na karibu kozi zote za vyuo vya kibiashara, zilitakiwa kumwandaa mwanafunzi kwa ajira yenye kipato katika kazi inayotambulika. Lakini kipato gani? Sheria haikusema, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeshika kalamu kukitafsiri kwa namba. Wakati huohuo vyuo vya kibiashara vilikuwa vikikua kwa kasi, vikitangaza kozi za usaidizi wa kitabibu, upishi, kompyuta na kadhalika kwa watu wazima wenye haraka ya kupata kazi. Si vyote vilivyokuwa vibaya. Lakini Corinthian Colleges, mtandao uliokuwa na matawi zaidi ya 100, ulianguka na kufunga milango mwaka 2015 baada ya kushutumiwa kudanganya kuhusu kiwango cha wahitimu wake wanaopata kazi. ITT Technical Institute ikafuata Septemba 2016. Mwaka 2022 serikali iliamua kufuta dola bilioni 5.8 za madeni ya watu 560,000 waliosoma Corinthian. Hasara hiyo ilibebwa na mlipa kodi, na ndiyo inayofanya hata wanasiasa wasiopenda kanuni nyingi wasikilize mjadala huu ukianza.

Serikali ya Barack Obama ilitoa kanuni ya kwanza mwaka 2011. Mwaka uliofuata jaji wa shirikisho aliifuta sehemu kubwa yake, kwa sababu moja ya viwango vyake, asilimia 35 ya wakopaji wanaopunguza deni lao, hakikuwa na maelezo ya kuridhisha kwa nini ni 35 na si namba nyingine. Ikaandikwa upya mwaka 2014. Matokeo ya kwanza yalitangazwa Januari 2017: kozi zaidi ya 800 zilishindwa, na asilimia 98 kati yake zilikuwa za vyuo vya kibiashara. Kabla haijamnyima fedha mtu yeyote, serikali ikabadilika. Betsy DeVos, waziri wa elimu katika awamu ya kwanza ya Trump, aliifuta mwaka 2019 akisema inavionea vyuo vya aina moja na kuviacha vingine. Serikali ya Joe Biden ikairudisha Oktoba 2023, ikiwa kali zaidi, ianze kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ikiwa unaona kizunguzungu, si peke yako. Wapo wakuu wa vyuo waliokusanya takwimu za kanuni iliyofutwa kabla hawajazituma.

Hesabu ya 2023

Kanuni ya Biden iliuliza maswali yote mawili. Kozi ilitakiwa kufaulu yote, na ikishindwa kimojawapo mara mbili ndani ya miaka mitatu mfululizo, inapoteza msaada wote wa shirikisho, mkopo na Pell.

Tuchukue namba za mfano. Kozi ya shahada ya miaka miwili katika chuo cha kibiashara: kipato cha kati cha wahitimu, miaka mitatu baada ya kumaliza, ni dola 30,000 kwa mwaka, na deni la kati ni dola 25,000. Likilipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 6, marejesho ya mwaka ni kama dola 3,300. Kanuni inataka marejesho yasizidi asilimia 8 ya kipato chote. Asilimia 8 ya 30,000 ni 2,400, kwa hiyo hapo imeanguka. Bado ina nafasi nyingine: kutoka kwenye kipato toa kwanza fedha ya kujikimu, inayohesabiwa kuwa mara moja na nusu ya kiwango cha umaskini cha mtu mmoja (mwaka 2025, dola 15,650 mara 1.5, yaani 23,475). Kinachobaki ni 6,525, na marejesho hayatakiwi kuzidi asilimia 20 yake, yaani 1,305. Imeanguka tena. Ingefaulu hata kimoja cha viwango hivyo viwili, ingehesabiwa imefaulu upande wa deni.

Kisha linakuja swali la sokoni. Kipato cha kati cha wahitimu kinalinganishwa na cha vijana wa jimbo hilohilo wenye umri wa miaka 25 hadi 34 walioishia sekondari. Kama hao wanapata 29,000, kozi yetu ya 30,000 imepita kwa tundu la sindano.

Wizara ya Elimu yenyewe ilikadiria kwamba kozi zinazoelekea kushindwa zilikuwa na wanafunzi karibu 700,000. Lakini adhabu hiyo ilizigusa karibu kozi zote za vyuo vya kibiashara na zile za vyeti tu katika vyuo vya umma na vya hisani, yaani vya binafsi visivyotafuta faida. Shahada ya chuo kikuu cha umma, hata iwe na wahitimu wanaolia, ilitakiwa kutoa taarifa kwa wanafunzi, haikunyimwa fedha. Hapo malalamiko ya DeVos yalikuwa na uzito, napenda nisipende.

Sheria ya 2025 imebadilisha nini

Safari hii si kanuni ya wizara inayoweza kufutwa na waziri ajaye. Ni sheria ya Bunge, na inaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2026. Imepanua uwanja: sasa shahada za vyuo vyote, vya umma, vya hisani na vya kibiashara, zinaulizwa swali la pili. Kipato cha kati cha wahitimu miaka minne baada ya kumaliza kikiwa chini ya cha walioishia sekondari, mara mbili katika miaka mitatu, kozi inapoteza mikopo ya shirikisho. Kozi za uzamili na udaktari zinalinganishwa na watu wenye shahada ya kwanza. Kozi iliyoshindwa mwaka mmoja tu inatakiwa kuwaarifu wanafunzi wake kwamba iko hatarini, na iliyokwisha kupoteza haiwezi kuomba kurudishwa kabla ya miaka miwili.

Lakini swali la kwanza, la hesabu ya tajiri, halimo. Rudi kwenye kozi yetu ya mfano. Kipato 30,000, walioishia sekondari 29,000: imefaulu. Deni likiwa 25,000, imefaulu. Chuo kikipandisha ada hadi deni la kati lifike 50,000, imefaulu vilevile, kwa sababu hakuna anayeliangalia deni. Mtu anayesoma kichwa cha habari "sheria yabana kozi zisizolipa" anaweza asijue kwamba kozi ghali na kozi nafuu zinapitia mlango mmoja wa urefu uleule.

Kuna pengo jingine, la upande wa pili. Sheria hiyo mpya inahusu shahada na vyeti vya baada ya shahada. Vyeti vya ngazi ya chini, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikishindwa sana katika makadirio ya 2023, haikuvigusa. Hivyo iliviacha chini ya kanuni ya Biden. Wizara iliitisha kamati ya majadiliano kuzioanisha kanuni hizo mbili, kwa hiyo mtu asishangae akisikia kipimo cha asilimia 8 kimeguswa tena. Namba za sheria ya Bunge haziwezi kuguswa hivyo.

Tofauti ya tatu ni ndogo kwa macho, kubwa kwa hesabu. Kanuni ya 2023 ilimhesabu mhitimu asiye na kipato kama sifuri. Sheria ya 2025 inawahesabu walio kazini tu. Kozi ambayo nusu ya wahitimu wake hawana kazi inaweza kuonekana nzuri, mradi nusu iliyobaki inalipwa vya kutosha.

Yanayosemwa mitaani

"Watauona mshahara wangu." Serikali tayari inaujua kupitia kodi. Wizara ya Elimu inapata namba ya katikati ya kundi zima, haipati orodha ya majina na mishahara. Kundi likiwa dogo mno, chini ya watu 30, wanaongezewa wahitimu wa miaka mingine kwanza. Ukilipwa kidogo huadhibiwi wewe, wala mkopo wako haubadiliki.

"Kozi ikishindwa, cheti changu hakina maana." Ithibati ni jambo jingine linalosimamiwa na watu wengine. Kozi inaweza kupoteza mkopo na ikaendelea kufundishwa na kutoa vyeti halali kwa anayelipa mfukoni. Tatizo ni kwamba wanaolipa mfukoni ni wachache, na vyuo vingi vitaona afadhali kuifuta. Aliyemo katikati ya masomo aulize mapema kuhusu mpango wa kumalizia au kuhamia kwingine.

"Deni litafutwa." Hapana. Kufutiwa deni kwa sababu chuo kimefungwa ukiwa ndani, au kwa sababu kilikudanganya, ni njia tofauti zenye maombi na ushahidi wake. Waliosoma Corinthian walifutiwa kwa udanganyifu, haikuwa kwa sababu walipata mishahara midogo.

"Pell nayo imeondoka." Chini ya sheria ya 2025 kinachopotea ni mikopo. Chini ya kanuni ya 2023 ni vyote. Ndiyo maana ni muhimu kujua kozi yako iko upande gani: cheti au shahada.

"Walimu wamefutiwa." Hakuna kozi iliyotajwa kwa jina. Ualimu wa shule za msingi mara nyingi unalipa zaidi ya kiwango cha sekondari, kwa hiyo hofu hiyo imezidishwa. Zenye wasiwasi halali ni malezi ya watoto wadogo, baadhi ya kozi za sanaa, na zaidi ya zote, vyuo vya urembo na ususi. Wenye vyuo vya ususi wanajitetea kwamba wasusi hupewa bakshishi na hulipwa taslimu, na fedha hizo hazionekani kwenye kodi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini ni hoja ya ajabu kidogo kuisikia: chuo kinaiomba serikali iendelee kuwakopesha wanafunzi wake kwa sababu wahitimu wake hawaiambii serikali kila wanachopata.

Na mwanafunzi aliyetoka Nairobi, Arusha au Kampala kwa viza ya masomo? Haya hayamgusi, kwa sababu hana haki ya msaada wa shirikisho tangu mwanzo. Wanaoguswa ni raia, wenye grini kadi, na wakimbizi waliopokelewa rasmi, wakiwemo Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili waliopewa makazi Kentucky, Texas, Iowa na kwingineko.

Kwa hao wa mwisho kuna jambo jingine katika sheria hiyohiyo. Wengi wao huanzia kozi fupi: uuguzi msaidizi wa CNA, kuchukua damu ya vipimo kwa wagonjwa, leseni ya lori. Kozi hizo zilikuwa fupi mno kupata Pell, watu wakazilipia kwa mfuko au kwa msaada wa mashirika. Kuanzia Julai 2026 sheria inaruhusu Pell kwa kozi za wiki 8 hadi chini ya 15, zenye saa 150 hadi 599, ila kwa masharti ambayo shahada ya miaka minne haikuwahi kuwekewa: gavana wa jimbo azikubali, asilimia 70 ya wanaoanza wamalize, asilimia 70 wapate kazi, na ada isizidi ongezeko la kipato ambalo sheria inalipigia hesabu. Hapa, kwa kozi fupi na ya bei nafuu kuliko zote, Bunge limekumbuka kuuliza kuhusu bei. Kwa shahada ya dola 50,000 limesahau, au limeamua kusahau.

Limesahau pia kundi lililoumia kuliko wote. Vipimo vyote viwili, cha 2023 na cha 2025, vinawaangalia waliomaliza. Aliyekopa dola 9,000, akasoma mihula miwili, mtoto akaugua au zamu za kazini zikabadilika, akaacha, hayumo kwenye mstari wowote. Ana deni bila cheti, na takwimu za Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoshindwa kulipa zaidi, kuliko hata wenye madeni makubwa. Chuo kinachopoteza wanafunzi wake nusu kabla ya kuhitimu kinaweza kupita vipimo hivi kwa raha, kwa kuwa waliobaki ndio waliokuwa na nguvu tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayechagua kozi sasa afungue tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, aandike jina la chuo, ashuke mpaka kwenye fani anayoitaka. Atakuta kipato cha kati na deni la kati la wahitimu wa fani hiyo, pale zinapokuwa zimetolewa. Kisha apande juu tena, kwenye ukurasa wa chuo kizima, atafute asilimia ya wanaomaliza. Namba hiyo haimo kwenye kipimo cha sheria, lakini ipo pale.